BEI YA MAJI NA MIZANI YA HAKI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Mmenitaka, kwa kuwa duka langu liko Singida, nieleze khabari ya kupandishwa bei za maji safi na maji machafu. Mimi si mtaalamu. Ni muuza duka, nami najua mizani.

Mji wa Singida una maziwa mawili, Singidani na Kindai, na yote ni ya maji ya chumvi. Maji ya kunywa hutolewa chini ya ardhi kwa visima virefu, na pampu hula umeme. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji; lakini pampu na bomba vina gharama, na asemaye havina hakusema kweli.

Hata hivyo, muuza maji hajipangii bei apendavyo. SUWASA, mamlaka ya maji ya mji ule, ikitaka nyongeza hupeleka maombi kwa EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Nayo kabla ya kukata shauri huwaita raia katika taftishi ya hadhara. Hapo ndipo penye haki ya mnunuzi, na hapo ndipo wengi wetu hatuendi. Twabaki barazani; bili ikija, twanung'unika.

Aendaye aulize matatu. Kwanza, yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Yuniti ikizidi shilingi 500, ndoo imezidi shilingi 10 tu. Je, maskini anunuaye kwa ndoo ataongezewa 10, au 50? Pili, maji mangapi huvuja njiani, na nani ayalipa? Tatu, ambaye nyumba yake haikufikiwa na bomba la maji machafu, naye hukodi gari la kunyonya choo, atozwe kwa lipi?

Suratul Mutaffifin yawaonya wapunjao vipimo. Onyo hilo lanihusu mimi dukani, na lamhusu kila auzaye kwa mita.

Nasi visiwani tunayo ZURA, ya sheria ya mwaka 2013. Kazi ya chama cha upinzani si kupiga kelele kila bei ipandapo, bali ni kudai hisabu. Ikiwa ya haki, tulipe; ikiwa ya dhulma, tuikatae kwa hoja, mbele ya watu.

Wabillahi tawfiq.