Penye Miti Hapana Wajenzi

Vita vilipozuka Mashariki ya Kati mwezi Oktoba 1973, bei ya mafuta ilipanda hata ikawa mara nne ya ile ya awali katika muda wa miezi michache. Nchi zisizokuwa na visima vya mafuta zilitikisika, na Ufaransa ilikuwa mojawapo. Machi 1974, Waziri Mkuu wake, Pierre Messmer, alitangaza mpango mkubwa wa kuzalisha umeme kwa nguvu za nyuklia. Shirika la umma la umeme lilijenga vinu kwa michoro michache iliyorudiwa tena na tena, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vinu hivyo vilizidi 50. Hata leo theluthi mbili hivi ya umeme wa Ufaransa hutoka humo.

Kinu cha nyuklia si uchawi. Atomu za urani hupasuliwa, joto lake huchemsha maji, na mvuke huzungusha mtambo kama ule wa makaa ya mawe. Kilicho kigumu ni elimu ya kuitawala kazi hiyo.

Lakini urani hiyo ilitoka wapi? Sehemu yake ilichimbwa Niger, katika jangwa la Arlit, tangu 1971. Kwa zaidi ya miaka hamsini madini hayo yalisaidia kuwasha taa za Paris, ilhali nchini Niger kwenyewe watu wenye umeme ni kama mmoja tu kati ya watano. Sehemu kubwa ya umeme wake Niger ilikuwa ikiununua Nigeria. Nayo Nigeria ilipoukata mwaka 2023, baada ya mapinduzi ya kijeshi, mji mkuu wa Niamey ulikumbwa na giza. Penye miti hapana wajenzi.

Wala wajenzi wenyewe hawakosi mashaka. Kuanzia mwishoni mwa 2021 nyufa zilionekana katika mabomba ya baadhi ya vinu vya Ufaransa, vingi vikazimwa, na mwaka 2022 nchi iliyozoea kuuza umeme ikalazimika kuagiza mwingi kuliko iliouza, jambo ambalo halikutokea kwa zaidi ya miaka arobaini. Nayo mabaki ya urani yataendelea kuwa ya hatari kwa maelfu ya miaka. Anayetaka nguvu hizo hana budi kuukubali na mzigo wake.

Mambo hayo yanamhusu Mtanzania. Urani ipo Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo, na Julai 2025 kiwanda cha majaribio cha kuisafisha kilizinduliwa huko. Madini hayo yaweza kuleta fedha za kigeni. Peke yake hayataleta umeme hata wa taa moja. Kujitegemea hakupimwi kwa utajiri uliolala ardhini. Hupimwa kwa idadi ya wananchi wanaoweza kuuchimba, kuupima, kuuwekea bei na kuutumia.

Kwa hiyo mtumishi wa serikali anayesoma mkataba wa madini neno kwa neno kabla haujatiwa saini, na mwalimu anayefundisha fizikia katika shule isiyo na maabara, wote wawili wanaijenga nguvu ya taifa. Niger ilikuwa na urani. Ilichokosa ni wajenzi, na wajenzi huanzia darasani.