Snokeli: Mvua, Theluji na Mto

Leo tunazungumzia snokeli, lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele cha Land Cruiser hadi usawa wa paa. Kazi yake ni kuivutia injini hewa kutoka juu. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakijaa kwenye silinda, pistoni hukosa pa kwenda, konrodi hupinda, na injini imekufa.

Je, mvua ya masika ikipiga mdomo ulioelekea mbele, haiingii? Huingia kidogo. Ndani ya kichwa cha snokeli hewa hukata kona ghafla. Tone la mvua ni zito, haliwezi kukata kona hiyo. Hugonga ukuta na kuchuruzika nje kupitia matundu madogo. Matone yanayopenya hutua chini ya boksi la filta, kwenye kivalvu cha mpira chenye mdomo kama wa bata. Kivalvu kikizibwa na tope, maji hubaki humo, filta inalowa na gari linakosa nguvu.

Theluji ina ujanja wake. Chembe zake ni nyepesi, hufuata hewa hadi kwenye karatasi ya filta na kuiziba. Injini ya dizeli huanza kutoa moshi mweusi. Ndiyo maana penye theluji ya kupeperuka madereva hulegeza klampu na kugeuza kichwa kitazame nyuma.

Huko Iceland, kwenye njia ya Þórsmörk, kuna mto Krossá unaotoka kwenye barafu. Jua likipanda barafu huyeyuka na mto hujaa, kwa hiyo asubuhi ni afadhali kuliko alasiri. Hapo snokeli huokoa injini tu. Difu yenye joto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyomo husinyaa, na kipumulio kilicho chini hufyonza maji. Oili inageuka nyeupe-nyeupe. Kina kikizidi, gari huelea na usukani haufanyi kazi tena.

Basi, kabla ya masika fungua boneti. Minya kivalvu kwa vidole viwili mpaka mdomo uachane. Kaza kila kiungio cha bomba, maana kimoja kikilegea, maji hupitia hapo hata kama kichwa kiko juu ya paa. Mwambie fundi apandishe vipumulio vya difu kwa mpira. Hadi wiki ijayo, safari njema.