Resho ya gazi ikikataa kuwaka
(Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha wanamemba, Uvira)



Leo sikuja na ripoti. Nimekuja na hii resho munaona hapa mbele. Mwenyewe ni mama mmoja wa kwetu. Alisema imekufa, akawa amekwisha kurudilia mbabula na makala. Kumbe haikufa.

Kwanza niseme kilichomfika. Asubuhi alizungusha buto: tak, moto hakuna. Tak tena, na tena. Wakati wote huo gazi ilikuwa inatoka. Kisha akachukua kibiriti. Moto uliruka mpaka nyusi zikaungua, na mtoto alikuwa mgongoni! Mungu alisaidia. Gazi ya chupa ni nzito kupita hewa. Haipandi kama moshi, inakaa chini inangojea. Kwa hiyo buto ikikataa mara mbili tatu, funga gazi kwenye chupa, fungua mlango na dirisha, ungoje harufu iishe kabisa. Hata taa usiiguse.

Sasa kasoro yenyewe. Gazi ikiwa imefungwa na harufu hakuna, tafuta giza kidogo, uzungushe buto ukiangalia ile sindano iko kando ya matundu ya moto. Vijana wa moto wataelewa upesi: ni sawa na buji. Cheche inapaswa kuruka kutoka kwenye ncha mpaka kwenye chuma.

Hii haina pile. Ndani mna nyundo ndogo inayopiga jiwe maalumu, ndipo cheche inazaliwa. Zile zenye pile zinalia tak-tak-tak mfululizo. Zikinyamaza ao zikilia kwa uvivu, badilisha pile kwanza.

Kwa mama, tak tuliisikia, cheche hapana. Maji ya maharagi yalikuwa yamemwagika na kukaukia kwenye sindano. Tulisugua na mswaki wa zamani, tukapanguza, tukaacha ikauke. Ikawaka. Hata franga moja hatukutoa. Lakini kama ile sehemu nyeupe inayozunguka sindano imepasuka, kusafisha ni kazi bure, cheche inapotelea kando. Hapo, ao waya ukichomoka chini, muite fundi. Na kama cheche iko lakini moto hakuna, angalia kifuniko chenye matundu: pengine kimekaa upande ao kimeziba. Ao chupa imekwisha tu, hiyo nayo nimeiona mara nyingi.

Kungojea fundi si lazima kurudi kwenye makala. Washa kibiriti, kipeleke karibu na matundu, ndipo ufungue gazi. Kibiriti mbele, gazi nyuma. Watoto wakubwa wanaopika nao waelezwe hivyo hivyo, maana wao ndio wanashinda jikoni.

Neno moja juu ya sanduku letu. Katika daftari la maombi naona «resho mpya, resho mpya». Hizi tulizo nazo wafadhili walizitolea jasho. Mbele ya kuandika jina, leta ya zamani hapa siku ya kikao tuiangalie pamoja. Chupa muache nyumbani.