HOTUBA KWA WAZAMIAJI: KUIBUKA NI POLEPOLE
(Ilisomwa na Kamati mbele ya mkutano wa wanachama)



Tunasema leo juu ya vijana wetu wanaozamia na mitungi ya hewa pamoja na wageni. Kazi hiyo inaleta unga nyumbani. Lakini ina ugonjwa wake, nao unalemaza.

Wapo wanaosema kijana akitoka majini miguu imekufa ganzi, basi kapigwa na shetani wa bahari. Sivyo, ndugu. Ni hewa. Katika hewa tunayovuta, sehemu 78 kwa 100 ni naitrojini. Ukishuka mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya huku juu. Mita 20, mara tatu. Naitrojini inaingia kwa wingi mwilini. Ukiibuka kwa kasi inatoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mwaka 1908, huko Uingereza, Haldane na wenzake walitoa majedwali ya kuibuka kwa vituo, baada ya kujaribu kwa mbuzi.

Basi tushike haya:

1. Kuibuka kusizidi mita 9 kwa dakika, kama pima 5. Usibane pumzi.
2. Ukifika mita 5, kama pima 3, simama dakika 3 hadi 5. Mgeni akikasirika, akasirike. Yeye ataondoka kesho, na mapovu hayachagui mgeni wala mwenyeji.
3. Usipitishe muda wa jedwali. Mbizi ya pili muda wake ni mfupi zaidi, maana naitrojini ya kwanza bado imo.
4. Kunywa maji ya kutosha. Pombe na kubeba mizigo mizito, hapana.
5. Aliyezamia mara kadhaa asipande ndege kabla ya masaa 18 kupita.

Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, kushindwa kukojoa: hizo ndizo dalili. Mlaze chali, mpe oksijeni, mkimbize hospitali. Asirudishwe majini kabisa. Tiba yake ni chumba cha mgandamizo, na kila saa inayopotea nyumbani inapunguza nafasi ya kupona.

Kwa hiyo tunaomba mkutano upitishe: chombo kisicho na oksijeni, na simu ya chumba hicho iliyoandikwa ubaoni, kisin'goe nanga.