Kufuma Sweta na Kazi za Nyumbani
(Maneno ya mama mmoja mfumaji mbele ya akina mama wa Busia)

Nimeombwa nieleze jinsi mtu awezavyo kufuma na huku akitunza nyumba na shamba.

Labda wengine watacheka: katika joto hili la Busia, nani avaaye sweta? Watoto wachanga huvaa. Hata madereva wa malori pale Malaba hununua, maana njia yao ya Nairobi hupita Timboroa, penye baridi kali, kiasi cha futi 9,000 juu ya bahari.

Mwaka mmoja nalipokea arbuni ya sweta kumi za watoto wa shule. Mvua za Machi zikaanza, nikaenda kupanda mahindi, kisha palizi. Usiku nalifuma huku nikisinzia, hata mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Mei, sweta sita tu zilikuwa tayari, na arbuni nalikwisha kununulia mbolea. Naliuza mbuzi ili nimrudishie mwenyewe fedha yake.

Tangu hapo, sweta kubwa nafuma baada ya mavuno tu. Wakati wa jembe nafuma kofia na soksi za watoto. Mgeni akipiga hodi, namkaribisha, lakini namaliza mstari kwanza. Kitanzi kikiponyoka sindanoni hufumuka mpaka chini. Hesabu ya mistari naiandika, kwa kuwa sufuria ikifurika jikoni, kichwa husahau.

Basi, mwenye sindano zake na asogee hapa, tuanze na kofia.