Mwalimu wa Siasa Chuo Kikuu

Juma lililopita tulisoma neno "siasa". Mmoja wenu akauliza: je, siasa nayo husomeshwa? Ndiyo, tena Chuo Kikuu.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961. Mwaka 1965 alifika hapo John Saul, mtu wa Kanada, kufundisha elimu ya siasa. Alikaa mpaka 1972. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa: miaka miwili, na muda mwingi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Fikirini kazi ya mwalimu baada ya hapo. Mbele yake wamekaa vijana waliosomeshwa kwa kodi ya wakulima, na wengi wanatazamia ofisi na gari. Awafundishe nini? Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, walimu walibishana sana. Saul alikuwa upande wa waliotaka kila mwanafunzi, hata wa sheria, ajifunze jinsi jamii yake ilivyo: nani analima, nani anapata faida, nani anaamua. Wengine waliogopa kwamba hayo yatakuwa mahubiri, si elimu. Mimi naona hofu hiyo haikuwa ya bure. Tena masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyesemwa humo asingeyaelewa.

Sasa tuyalete kwetu. Mwaka 1968 mto ulifurika sana, na serikali ikawahamisha watu wa bondeni waende vijiji vya juu. Wakubwa waliona hatari ya maji. Warufiji waliona pia rutuba ya tope, na kilimo cha mlau kinachofuata maji yakipungua. Nani aliamua? Mwaka 2024 maji yalipofurika tena Rufiji na Kibiti, maneno ya kuhama yalirudi.

Shikeni kalamu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni: NANI ANAAMUA? Kila mmoja anakili, kisha aandike sentensi mbili juu ya shamba lake. Ninyi wa Nyamisati na Mbwera, andikeni juu ya mikoko.