Gari la Mizigo la Magurudumu Manne: Tukague Kabla ya Kulipa



Anayepeleka viazi au parachichi Makambako huhitaji gari litakalotoka shambani mvua za Februari zikinyesha. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Naomba tuanze chini ya gari.

Suzuki Carry, yaani kirikuu, ikiwa ya magurudumu manne, huvuta kwa ya nyuma hadi dereva aunganishe ya mbele. Aunganishe topeni, aachie afikapo kwenye lami: kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo mmoja, na lami kavu hairuhusu kuteleza, hivyo mkazo wote hubaki kwenye gia. Huko Japani, Carry ya injini ya 660 imeidhinishwa kubeba kilo 350. Sisi twaipandishia lumbesa!

Toyota HiAce hubeba zaidi, hugharimu zaidi, na hunywa mafuta zaidi. Nyingi za magurudumu manne hugawa nguvu zenyewe kwa kiunganishi chenye mafuta mazito. Ukifunga tairi mbili mpya ukaacha mbili kuukuu, kiunganishi hicho hufanya kazi hata njia ikinyooka, hupata joto na hufa mapema. Basi katika bei hesabu tairi nne zinazolingana, pamoja na kodi ambayo TRA hukokotoa kwa kutazama umri wa gari na ujazo wa injini.

Kabla ya kulipa, kata kona kali polepole kwenye lami. HiAce ikisita kana kwamba imeshikwa breki, mwite fundi akague kiunganishi.